Kijidudu Kinachoogopa Hewa

Asaeli Naulu alikuwa mtu wa kununa, na hakuona sababu ya kuacha. Mkewe, Mereoni, alifia katika hospitali ya mjini, wodi ileile aliyokaa yeye sasa, kwa kidonda cha kisigino kilichoanza kama mchubuko wa kiatu. Kila usaha ulipopelekwa maabara jibu lilirudi lilelile: hakuna kilichoota. Hakuna kilichoota, na huku mguu unanuka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wanaomba kuhamishwa. Asaeli hakusoma sana. Aliacha shule mapema akaenda kulima magimbi na baba yake. Lakini pua alikuwa nayo, na pua haihitaji cheti. Aliwaambia wakubwa kwamba mguu unaonuka vile una kitu kilicho hai ndani yake. Wakubwa wakamwambia asubiri. Akasubiri mpaka akazika.

Sasa alikuwa kwenye kiti cha plastiki, na aliyelala kitandani ni Jope, kaka wa Mereoni, shemeji yake. Jope ana kisukari. Alikanyaga kisiki cha mwanzi shambani, akajifunga kitambaa, akaendelea kulima kama vile mguu ni wa mtu mwingine. Alipoletwa kuvuka mlima hadi mjini, wayo ulikuwa umevimba na kupasuka, na harufu ilikuwa ileile. Asaeli aliijua kabla hajafika mlangoni. Ilimpiga kifuani.

"Shemeji," Jope alisema bila kufumbua macho, "usinitazame kama mtu anayechagua nguruwe wa sherehe."

"Nguruwe gani amekonda hivyo? Wewe ni bata aliyenyeshewa."

"Bata huyu ndiye aliyekupa dada yake. Ungeoa nani na sura hiyo?"

"Mlinipa kwa sababu mlichoka kumlisha."

Wagonjwa wa jirani wakacheka. Huko kisiwani Vanua Levu shemeji asiyekutukana ana jambo moyoni, na hawa wawili walikuwa wakitukanana tangu ujana. Lakini Asaeli alipogeuza uso dirishani hakuwa anacheka. Mereoni hakumwachia mtoto. Alimwachia huyu kaka yake, mdomo wake na mguu wake.

Daktari wa upasuaji alikuwa amepita asubuhi. Hakuwa mtu mbaya, Asaeli alikubali hilo kwa shingo upande; alikuwa mtu mwenye vitanda vingi na mikono miwili. Alifunua shuka, akapitisha kidole chini kidogo ya goti, mkato mmoja wa hewani.

"Ijumaa asubuhi," alisema. "Dawa tunayompa imegonga ukuta. Ipo nyingine ninayoifikiria, lakini imebaki kidogo na stoo haiitoi bila jibu la maabara. Wakinipa jina la mdudu ninayepigana naye, nitapigana. Wasiponipa, nakata hapa, nisije nikachelewa nikakata juu zaidi."

"Na maabara wamesema nini?" Asaeli aliuliza, ingawa alijua.

"Hakuna kilichoota."



Mchana huohuo mwanamke mfupi mwenye koti jeupe aliingia wodini, akauliza kitanda cha Jope. Alikuwa Pratima, mtaalamu wa maabara, binti wa wakulima wa miwa wa bondeni, aliyehamishiwa pale miezi michache iliyopita. Hakusalimia mguu kwanza kama wenzake. Alimsalimia mtu, kisha akainama akanusa kidonda waziwazi, kama mpishi anayenusa mchuzi.

"Binti, utatapika," Jope alimwonya.

"Nikitapika nitakwambia. Nani hapa ndugu wa mgonjwa?"

"Mimi, kwa bahati mbaya," Asaeli alisema.

"Sikiliza, baba. Nimechukua ule usaha wenu nikaupaka rangi, nikautazama kwa hadubini. Wadudu wamejaa kama dagaa kwenye wavu. Lakini kwenye sahani za kuoteshea, hakuna hata mmoja. Unaelewa maana yake?"

"Maana yake mnadanganya."

"Maana yake wapo, na tunawaua wenyewe kabla ya kuwaona. Kuna bakteria wasiopenda hewa. Wanakaa ndani kabisa ya nyama iliyokufa, huko hewa haifiki. Sisi tunawatoa kwa kijiti chenye pamba, tunakiacha mezani, tunawapandisha kwenye sahani iliyo wazi. Hewa inawamaliza. Halafu tunaandika hakuna kilichoota."

 Tangu Asaeli azike mkewe, hakuna mtu wa hospitali ile aliyewahi kumpa sentensi yenye kichwa na miguu.

"Na wale wakubwa wako wanajua hivyo?"

"Mimi nimewaambia," Pratima alisema, na namna alivyobana midomo ilimwambia Asaeli yaliyobaki. "Sitaki kijiti tena. Nataka daktari avute usaha kutoka chini kabisa kwa bomba la sindano, asukume hewa yote itoke, aizibe sindano kwa kizibo cha mpira. Niletewe palepale, wenyewe hawajajua kwamba wametoka nyumbani."

Daktari alivuta usaha siku ya Jumatatu. Jope aliuma mto, akalitukana bomba, akautukana ukoo mzima wa aliyelibuni. Muuguzi akaita tarishi wa kupeleka, akaambiwa matarishi wote wako nje wanapaka mawe chokaa. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kutoka mji mkuu, Suva, siku ya Jumatano, katibu fulani wa mambo ya afya, na hospitali nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa kupendeza. Mifereji iliyoziba tangu kimbunga ilizibuliwa. Maua yalipandwa mahali ambapo jana palikuwa na takataka. Pesa ya maua ilikuwepo. Asaeli aliyahesabu hayo moyoni.

"Nipe mimi," akasema, akalichukua bomba mkononi.

Mlango wa maabara ulikuwa umefungwa. Mlinzi akamwambia wafanyakazi wote wameitwa ukumbini kufanya mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha mgeni, ni lazima, na asiyehudhuria ataulizwa. Asaeli akasimama na usaha wa shemeji yake, jua linawaka juu ya utosi. Akafikiri kama mtu wa kwao afikirivyo. Kando ya lango alikuwa ameacha sanduku lake la barafu, lenye samaki aliotumwa kuwapelekea ndugu wa mjini. Kwao kila kitu kinachoweza kuoza kikisafiri kwenda mjini husafiri barafuni: samaki, kaa, nyama ya nguruwe, hata keki ya arusi. Akafungua sanduku, akalilaza bomba vizuri katikati ya samaki wawili wanono, akafunika, akakaa juu yake kama kuku anayeatamia.

Pratima aliporudi na karatasi ya wimbo mkononi, Asaeli alifungua sanduku kwa fahari.

"Nimekutunzia. Limepoa kama bia."

Yule binti aliangalia bomba, akaangalia samaki. Akakaa ukingoni mwa msingi wa jengo, akajifunika uso kwa karatasi ya wimbo, mabega yakawa yanatikisika. Asaeli hakujua kama analia au anacheka. Vilikuwa vyote viwili.

"Nani alikufundisha hivi, baba?"

"Bahari."

"Hawa si samaki. Hawa wamezoea joto la mwili wa mtu. Na kitu kikipoa hewa inazama ndani yake kwa urahisi zaidi. Umewafungia na adui yao chumba kimoja."

"Basi wamekufa?"

"Huenda wengine wako hai. Lakini siwezi kuweka rehani mguu wa mtu kwa neno huenda."

Asaeli alitaka kuwalaumu wanaoimba, na alikuwa na haki, maana mlango uliofungwa si yeye aliyeufunga. Lakini barafu ilikuwa yake. Alirudi wodini akaomba mgonjwa achomwe tena, na Jope alipoambiwa sababu alimkodolea macho.

"Usaha wangu umeuweka na samaki?"

"Na samaki wazuri."

"Shemeji, dada yangu aliishi na wewe miaka yote hiyo bila kukutia sumu. Yule alikuwa mtakatifu."

Jumanne asubuhi daktari alivuta tena. Safari hii Asaeli hakusimama popote. Alivuka ua akiwa amelishika bomba ndani ya kiganja, karibu na tumbo lake ambako kuna joto, akipishana na watu wa chokaa bila kuitikia salamu, na Pratima alikuwa mlangoni akimngoja. Aliufanyia kazi usaha ule mbele ya macho yake, upande wa pili wa kioo. Aliupaka kwenye sahani nyekundu zenye damu ya kondoo. Juu ya sahani moja akadondosha vipande vidogo vya karatasi, mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Sahani moja akaiacha nje, iote kwenye hewa ya kawaida. Zilizobaki akazipanga ndani ya mtungi mnene wa plastiki, akatumbukiza pakiti aliyoichana mdomo, na utepe mdogo wa rangi ya buluu, akaukaza mfuniko mpaka mishipa ya mkono ikasimama.

"Ile pakiti inakula oksijeni yote iliyomo ndani," alimweleza alipotoka. "Ule utepe ukipoteza rangi ukawa mweupe, ujue hewa mbaya imekwisha. Halafu tunauacha kwenye kabati la joto siku mbili. Hatufungui. Wale wanaota polepole, na wakiwa wachanga hewa kidogo tu inawaua."

Asaeli alipiga makofi kwa furaha. Kitu kimemfungukia. "Kumbe ni lovo!"

"Ni nini?"

"Tunachimba shimo, tunaweka mawe ya moto, tunapanga nyama na magimbi, tunafunika majani, tunafukia kwa udongo mpaka moshi usipate pa kutokea. Hakuna anayefukua kabla ya wakati. Mwenye njaa akifukua mapema, chakula chote kibichi, na huwezi kufukia tena, joto limeshakwenda."

"Ndiyo hiyo," Pratima alisema. "Na mimi siwezi kufukia tena. Ile ilikuwa pakiti ya mwisho. Nimeagiza tangu nilipofika hapa. Wananiambia bajeti imefungwa."

Asaeli akageuza shingo kuyatazama maua.

Jumatano asubuhi utepe ulikuwa mweupe kama jino. Pratima alimwonyesha kupitia kioo cha kabati, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na raha. Raha hiyo haikufika saa nne. Mkurugenzi wa hospitali, bwana Ravuama, mtu mrefu mwenye tai nyekundu na viatu vinavyolia, alipita maabara kukagua mpangilio wa ziara, na Asaeli aliyekuwa amekaa kwenye ngazi alisikia kila neno.

"Mgeni atapitia hapa mwishoni. Mpiga picha atakuwepo. Nataka aone kitu. Ule mtungi una nini?"

"Vimelea vya mgonjwa wa wodi ya upasuaji, bwana. Haufunguliwi mpaka kesho mchana."

"Utafunguliwa leo kwa dakika mbili. Aone sahani, apigwe picha amezishika, ufunge."

"Ukifunguliwa wanakufa. Na sina pakiti nyingine."

"Pratima, unajua mgeni huyu ndiye anayeidhinisha bajeti? Ndiye mwenye hizo pakiti! Mwonyeshe kazi, atatupa pakiti. Hujui siasa, mama."

"Ijumaa mtu atakatwa mguu."

"Kama ni wa kukatwa atakatwa. Utafungua. Ukikataa nitakuandikia barua, na nafasi yako bado ni ya majaribio."

Viatu vikalia, vikaenda zake.

Wakubwa ni watu wa kufungua vitu. Hufungua majengo, hufungua mikutano, hufungua vinywa. Na kitu kikiwa kimefungwa kwa sababu nzuri, hapo ndipo mikono huwawasha zaidi. Asaeli alijua hayo. Aliingia ndani bila kubisha hodi.

"Uufiche," alisema.

"Kabati la joto ni hili moja. Nikiutoa kwenye joto wanadumaa, na kesho sina jibu. Mimi nitakataa, baba. Lakini nikikataa atafungua mwenyewe, mkono anao."

"Basi usikatae. Nyamaza tu. Wanafika saa ngapi?"

"Mchana. Unataka kufanya nini? Baba, usije ukapiga mtu."

"Nipige nani na magoti haya? Nakwenda sokoni."

Alikwenda kwa haraka yake ya mtu mzima. Sokoni kwenye safu ya wauza yaqona, mmea wa kinywaji cha kutolea heshima, alichagua mafungu ya mizizi, akayakataa, akayanusa, akamtukana muuzaji kidogo ili bei ishuke, akaondoka na kifungu kizuri cha mizizi mirefu kilichofungwa kwa kamba. Akapita wodini. Alivaa sulu yake nyeusi, ile aliyovaa siku ya maziko, akaikaza kiunoni.

"Unakwenda kuposa?" Jope aliuliza. Sauti yake ilikuwa imefifia; homa ilikuwa imempanda tena.

"Nakwenda kuuombea mguu wako. Si kwamba unastahili."

Mgeni alifika kwa wimbo, kwa mashada ya maua shingoni, kwa gwaride la wauguzi. Alikuwa mtu mnene mwenye uso wa kucheka, jina lake Netani, na nyuma yake kulikuwa na msururu: Mkurugenzi Ravuama, wakuu wa idara, mpiga picha, watu wa kubeba mafaili. Walizunguka hospitali. Walipokunja kona ya ujia mwembamba unaokwenda maabara walikuta mtu ameketi sakafuni, amekunja miguu, katikati kabisa mbele ya mlango, kifungu cha yaqona mikononi, kichwa kimeinama.

Msururu ukasimama. Hakuna mtu wa visiwa vile, awe na digrii au asiwe nayo, anayeruka mtu aliyeketi na yaqona mikononi. Na hakuna anayesimama wima wakati yaqona inatolewa. Kusimama ni kumwambia mtoaji kwamba yeye ni mbwa. Asaeli alilijua hilo kama anavyojua njia ya shamba lake. Alikohoa mara moja tu, kuashiria kwamba anaanza.

Katibu Netani alikuwa wa kwanza kushuka. Alikunja suruali yake ya bei, akakaa chini kwenye sementi. Wakuu wa idara wakafuata, tai na sketi na yote, mmoja baada ya mwingine, ujia mzima ukashuka kama miwa iliyokatwa. Mkurugenzi Ravuama alibaki amesimama peke yake kwa kitambo, uso mwekundu kuliko tai yake. Katibu alimtazama kwa chini. Ravuama akakaa.

"Nimekaa mahali pa chini," Asaeli alianza kwa sauti ya heshima, ile ya kuzungumza na wakuu, "mimi mtu wa shamba nisiye na neno mbele za watu wakubwa. Kifungu hiki ni kidogo. Nakileta kwako, bwana mkubwa, pamoja na ombi moja. Ndani ya mlango huu kuna lovo. Si ya nyama. Ni ya maradhi ya shemeji yangu. Binti wa maabara ameifukia jana, na inaiva kesho mchana. Wanasema ifukuliwe leo ili muitazame. Naomba isifukuliwe. Kama kuna mtu hapa aliyewahi kufukua lovo kabla ya wakati, na aseme alikula nini."

 Mtu wa nyuma akatoa kicheko akakimeza.

Katibu alitambaa kwa magoti, akakipokea kifungu kwa mikono miwili. Akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, yale mazito yenye mwangwi, na ujia mzima ukaitikia. Kupokea ni kukubali. Hilo halihitaji tafsiri.

"Mzee, umetoka kijiji gani?" aliuliza alipomaliza.

Asaeli akakitaja.

"Ala!" Katibu alipiga paja lake. "Kumbe ninyi! Sisi ni watani wenu! Ndiyo maana mizizi imekonda hivi. Wazee wenu waliutafuna mtumbwi wa wazee wetu wakidhani ni papa!"

"Na wazee wenu waliupanda wakidhani unaelea," Asaeli alijibu bila kuinua kichwa.

Ujia ulilipuka kwa vicheko. Katibu alicheka mpaka akashika ukuta. Alipofuta macho alimgeukia Ravuama, bado anacheka, ila macho hayacheki pamoja na mdomo.

"Nani alisema ufunguliwe leo?"

"Ilikuwa... tulifikiri kwa ajili ya picha, mheshimiwa."

"Nipige picha hapahapa, na mtani wangu. Mtungi uacheni."

Wakapigwa picha sakafuni. Baadaye Asaeli alipojaribu kuinuka magoti yalikataa, ikabidi Pratima atoke amvute. Mkono wa binti ulikuwa baridi kama samaki.

"Kaa na njaa mpaka kesho," Asaeli alimwambia. "Chakula kinaiva."

Alhamisi mchana Pratima alimwita. Alilegeza mfuniko, na harufu ikatoka pale mezani kama mtu aliyekuwa akisubiri mlangoni. Asaeli aliziba pua. Binti alitabasamu kwa meno yote.

"Hii hapa," alisema. "Hii ni harufu ya jibu."

Sahani iliyoachwa nje ilikuwa na vidoa viwili vitatu vya wadudu wa ngozi, basi. Za mtungini zilikuwa zimejaa madoa ya kijivu, laini, yenye kung'aa, bega kwa bega. Kwenye ile yenye vipande vya karatasi, madoa yalikuwa yameota hadi yakagusa vipande vitatu bila kujali, kama ng'ombe asiyesikia fimbo. Lakini kuzunguka cha nne palikuwa na duara safi, tupu, kama uwanja uliofagiliwa asubuhi.

"Hicho kina dawa gani?"

"Metronidazo. Ile ambayo stoo wameikalia." Alikuwa ameshachota doa, ameshalipaka rangi, ameshainama kwenye hadubini. "Vijiti vyembamba, vya waridi. Njoo uone."

Asaeli aliinama. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha vikatulia: vijiti vidogo, vya rangi ya waridi, vingi mno, vimelala huku na huku kama mikeka midogo iliyotupwa. Vitu vizuri kutazama. Alivitazama kwa muda mrefu.

"Wana jina?"

"Namwita Bakteroidesi tangu sasa. Kesho nitamwotesha kwenye kitu chenye nyongo. Wadudu wengine nyongo inawaua, huyu ataipenda na kukigeuza cheusi. Hapo nitaandika jina lote. Lakini kwa dawa, daktari hana haja ya kungoja. Nimeshampigia simu."

"Binti," Asaeli alisema, macho bado kwenye hadubini. "Mke wangu. Alikuwa na harufu hii. Ndiye huyuhuyu?"

 Pratima angeweza kumpa neno tamu. Watu humpa mfiwa neno tamu na kwenda zao.

"Sijui, baba. Huenda. Hakuna kilichobaki cha kupima. Siwezi kukwambia nisichokiona."

Asaeli aliinuka. Lile jibu lilikuwa gumu, lakini aliweza kulikanyaga na lisibonyee. Waliomnyima mkewe mtungi aliwajua, na aliwanunia kama alivyowanunia jana. Ila mwanamke huyu alimwambia sijui kwa mdomo mnyofu, na hilo lilimtosha kusimama wima.

Jioni ile dripu ya dawa mpya ilining'inia juu ya Jope. Ijumaa asubuhi walimpeleka chumba cha upasuaji, na Asaeli akakaa nje akiwa amekunja ngumi. Daktari alipotoka alivua barakoa.

"Nimefungua mfuko wa usaha, nimeondoa nyama iliyokufa na vidole viwili vya mwisho. Mguu nimeuacha ulipokuwa. Kama homa itashuka, hatutausogelea tena."

Homa ikashuka. Harufu ikapungua siku hadi siku, mpaka wagonjwa wa jirani waliokuwa wamehama wakarudi kwenye vitanda vyao. Pratima alileta jina zima la mdudu. Ile nyongo ilikuwa imegeuka nyeusi kama alivyosema. Jope alianza kula, na alipoanza kula alianza kutukana kwa nguvu zake zote. Lakini kushuka kitandani aliogopa. Wauguzi walimbembeleza, akasingizia kizunguzungu. Usiku Asaeli alimwona anaugusagusa mguu chini ya shuka, kama mtu asiyeamini.

"Simama, bata wewe."

"Nitasimama nikitaka. Mguu ni wangu."

"Ndiyo maana nikasema."

Wiki iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, redio ya wodi ilikuwa inasoma habari za wilaya. Ikaja sauti ya Mkurugenzi Ravuama. Alieleza jinsi uongozi makini wa hospitali ulivyosimamia kwa karibu uchunguzi wa hali ya juu wa maabara, jinsi uongozi ulivyosisitiza kwamba taratibu zifuatwe hatua kwa hatua, na jinsi, kutokana na uongozi huo, mguu wa mkulima mmoja umeokolewa.

"Uongozi gani?" Jope alifoka, sahani ya magimbi ikamtoka mapajani. "Uongozi gani, wewe mwenye viatu vya kulia? Zimeni hiyo! Nani yuko karibu aizime?"

Hakuna aliyekuwa karibu. Jope alitupa shuka, akashuka kitandani, akavuka wodi kwa hatua pana za hasira, bandeji na yote, akaizungusha swichi mpaka redio ikakata neno katikati. Akasimama pale ukutani anahema.

Wodi nzima ilimgeukia. Muuguzi alikuwa na kijiko hewani.

"Mnanitazama nini?" Jope aliuliza. "Shemeji, na wewe! Hujasikia huyo mtu alivyosema? Sema kitu!"

 Asaeli alikuwa anautazama ule mguu, umekaa kwenye sementi wayo wote, umebeba mtu mzima na matusi yake.